Skrubu Iliyobaki

Wilmar amelala chali ndani ya Fiat yetu,
miguu nje ya mlango, soksi moja imetoboka,
na sakitu ya Julai bado haijayeyuka kwenye boneti.

Jumamosi alibadilisha spika.
"Kazi ya nusu saa, fundi wa nini?"
Nusu saa ikazaa alasiri,
alasiri ikazaa matusi,
na alipoirudisha dashibodi mahali pake
akaipiga kofi kama ng'ombe aliyekwisha kamuliwa,
akageuza ufunguo:
injini ikaitika, taa zikaitika,
redio, jii.

Tangu hapo ametoa fyuzi zote,
moja moja, akiziinua juani
kama mtu anayekagua mayai.
Hakuna iliyoungua.
Ameinyonga antena, kisha akaiomba radhi.
Ameichomoa betri usiku kucha
ili redio isahau yaliyoipata.
Amemlaumu aliyeiunda, aliyetuuzia,
na mimi, niliyemwita mezani
akiwa na waya wa njano kwenye meno.

Leo ameazima mita kwa Nelson wa mtaa wa pili.
"Umeme upo, Zulma! Kumi na mbili kamili!"
Mtaka cha mvunguni ameinama tangu asubuhi,
ncha nyekundu kwenye waya wa njano,
ncha nyeusi kwenye bawaba ya mlango.
Kwenye bawaba, Wilmar.
Bawaba haina tatizo.

Baba yangu alitunza taa za sinema
na mimi nilikuwa mshika tochi wake.
Umeme ni mgeni mwoga, alikuwa akisema,
usipomwonyesha pa kutokea
hakanyagi hata kizingiti.
Pa kutokea ni ule waya mweusi, waya wa ardhi,
uliotakiwa kubanwa kwenye chuma cha gari
kwa skrubu fupi, kichwa cha nyota.

Skrubu hiyo naifahamu.
Niliifagia Jumamosi jioni chini ya meza ya jikoni.
Ipo kwenye mto wangu wa sindano,
imekaa kati ya sindano mbili kama shahidi.

Nilitaka kumpa. Kweli nilitaka.
Sentensi ilikuwa tayari mdomoni
Jumapili tulipoiacha Tacuarembó
kwenda kwa dada yangu Mirta, Rivera,
kilomita mia na kitu za malisho na senyenge.
Miaka kumi na tisa njia hiyo tumepitishwa na redio:
bei ya fahali, matangazo ya vifo, mpira,
yeye akibishana na mtangazaji,
mimi nikiongea na kioo cha dirisha.
Safari hii palikuwa na tairi tu,
na upepo kwenye mpira wa mlango uliochakaa.

Baada ya daraja akakohoa.
Akasema, akiwa na miaka saba,
aliiba ndama wa baba yake mwenyewe
akamficha siku mbili chumba cha kuogea
kwa sababu alisikia anauzwa.

Miaka kumi na tisa,
na huyo ndama sijawahi kumsikia.
Nikauliza jina lake.
Akafikiri mpaka kilima cha pili.
"Pelusa," akasema, na masikio yakamwiva.
Tulifika Rivera mate imepoa kibuyuni,
hakuna aliyekumbuka kunywa.

Sasa ananiita nimmulikie.
Nainama, namulika anapotaka,
kwenye fyuzi, tena kwenye fyuzi,
na pembeni, nje ya duara la mwanga,
waya mweusi unaning'inia kama mkia wa panya.
"Unaona kitu?"
"Sioni."

Nelson ameahidi kupita Jumatatu.
Nelson ni fundi, hatahitaji tochi,
atatia mkono mara moja na kucheka.
Lakini kabla ya Jumatatu
tuna sufuria ya Mirta ya kurudisha,
kwenda na kurudi,
na sijauliza bado
ndama yule aliishia wapi.