Kodi ya Uchakavu

Kazi yangu ni kukata korosho.
Ghalani nachota gunia hili, gunia lile,
napasua moja moja kwa kisu, nahesabu:
nyeupe, yenye madoa, iliyooza, tupu.
Ganda halinidanganyi. Nimezoea
kutoamini kitu mpaka nikione tumbo.

Basi nilipopelekwa Shangani kuliona,
nyuma ya nyumba ya injinia wa gesi
aliyeondoka na mradi wake, akaacha funguo
kwa mlinzi Nampota, na deni la umeme,
sikuitazama rangi, ingawa rangi yenyewe
ilikuwa ya bibo lililoiva likakosa mchumaji.
Nilitoa sumaku ya mlango wa friji.
Boneti: ikanasa. Ubavu wa nyuma: ikanasa.
Chini ya mlango wa dereva
sumaku ikaanguka mchangani.
"Puti," nikasema. Nampota akakohoa.
Kikohozi kile kilinipunguzia milioni moja.

Viti viwili. Paa la kitambaa,
kioo cha nyuma cha plastiki kimefifia
kama jicho la mtu anayesubiri upasuaji.
Ndani ya chujio la hewa panya kajenga,
kahifadhi korosho kumi na moja, daraja la pili.
Nikajua huyu ni wa kwetu.

Lilishuka melini likiwa na miaka tisa,
na karatasi zake zinasema hivyo hivyo:
kodi ya uchakavu, imelipwa.
Kijana wa bima, Mtopwa, alibonyeza kikokotoo,
kila mwaka akikata, akikata,
mpaka akafika sifuri, akanitazama kwa huruma.
Siku ileile mtu wa Dar akapiga simu
akataja mara mbili ya bei niliyolipa,
maana kiwanda kimeacha kuyatengeneza,
maana redio yake bado ni ile ya kaseti,
maana hakuna aliyelichokonoa.
Gari moja, asubuhi moja.
Korosho hazina kichaa hiki: zikikaa, zinaoza.

Fundi Chinguwile wa Kiyangu alitaka
kuniwekea injini ya gari jingine. "Dada, utapaa."
Sitaki kupaa. Nataka bolti zile zile.
Alininunia wiki mbili, kisha akaja mwenyewe
na bomba la mpira alilolitoa sijui wapi,
namba ya kiwandani bado inasomeka.
Hakutaka pesa ya ufundi. Alitaka kukaa kwenye usukani
dakika tano, injini ikiwa imezimwa.

Chumvi hapa haingoji ufike ufukweni;
inakuja yenyewe usiku, inapita chini ya geti.
Kwa hiyo: maji baridi kila Ijumaa, uvunguni kabla ya juu.
Waya laini kwenye matundu ya maji nyuma ya viti,
la sivyo zulia litaota uyoga.
Poda ya watoto kwenye mipira ya paa.
Na usilikunje likiwa na unyevu. Kamwe.
Unyevu ndio muuaji, ghalani na hapa.

Mama alisimama uani, Chikongola,
ncha ya kanga mdomoni.
"Somoe, mimi na baba yako
tuliuza korosho misimu kumi na minne
ili tutoe makuti tuweke bati.
Wewe umelipa pesa ili paa litoke?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Jumanne nilimpeleka Ligula kupima presha.
Paa limefungwa, kama alivyoamuru,
mkoba magotini, haongei.
Wakati wa kurudi, tukingoja ng'ombe wa watu wavuke,
aligonga kitambaa juu ya kichwa chake,
taratibu, kama mtu anayebisha hodi.
"Hili linafunguliwa wapi?"

Nikamwonyesha vifungo viwili.
Cha kulia kilimkatalia, kinataka mafuta;
nimekiandika kwenye daftari.
Cha kushoto alikifungua mwenyewe.