Maneno Hamsini kwa Kila Mtu

Mkurugenzi ameagiza: wasifu, maneno hamsini
kwa kila mtafiti, kwa ripoti ya mwaka.
Picha upande wa kushoto. Tai si lazima.
Mimi ndiye karani. Nayahesabu maneno
kama mama alivyohesabu mayai ya kupeleka sokoni Cottbus,
akiyageuza moja moja, akitafuta lenye ufa.

Daktari Wieland Noack, sera ya nishati.
"Ana uzoefu wa miaka kumi na mitano katika upimaji ardhi."
Kweli tupu, haina doa.
Ila mimi ni wa huku huku, najua alipima nini.
Alikipita kijiji nyumba hadi nyumba
na darubini yake ya miguu mitatu
kabla mtambo haujaja kukila,
uyafikie makaa ya kahawia yaliyolala chini ya makaburi.
Alipima zizi la shangazi yake: mita sita kwa nne na robo.
Shangazi alimletea kahawa, akamshikia ncha ya utepe.
"Vuta vizuri, Wieland, wasije wakatupunja."
Siku hizi anaandika juu ya fidia,
na kila jedwali lake lina safu ya mazizi.
Wenzake wa Berlin huifuta.
Naye huirudisha.

Bi Sevda Guliyeva, masoko ya gesi.
Kwenye fomu, penye "mwajiri wa zamani",
aliandika jina la kampuni ya mafuta kule Baku,
akalifuta, akaliandika, akalifuta tena
mpaka karatasi ikatoboka.
Nimeandika: "sekta binafsi".
Alinishukuru kwa kichwa tu,
kisha jioni akarudi na koti lake mkononi:
"Andika mafuta. Baba alinisomesha kwa mafuta."

Tilo Handrick hana shahada.
Alichochea tanuri la kituo cha umeme miaka ishirini na mitatu;
sikio lake husikia mashine ya kahawa ikiugua
siku mbili kabla haijafa.
Waziri alipokuja akauliza
tanuri kubwa huchukua muda gani kupoa,
maprofesa walifungua kompyuta.
Tilo akasema: "Siku tatu.
Ukiwa na haraka, nne."
Hilo silo la kuandika kwenye wasifu.
Nimejaribu. Halikai.

Halafu kuna kijana Lennart, shahada tatu,
maneno hamsini yamemjaa kabla hajafika umri wa miaka thelathini.
Yeye peke yake ndiye aliyeisomea kazi hii,
na ndiye anayelala usingizi mbaya kuliko wote:
barua zake hunifikia saa tisa za usiku,
zina nyuzi joto, zina desimali.
Aliniuliza kama kuuza aiskrimu kunahesabika.
Wapi? nikamuuliza.
"Pale ziwani, kwenye shimo la zamani la mgodi.
Maji yake mazuri sana, hayana hata samaki."
Noack alikuwa amesimama mlangoni na kikombe.
Akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu.

Wa Noack nimeuhesabu mara mbili: arobaini na tisa.
Limebaki neno moja, na mimi sipendi kupoteza.
Nikaandika jina la kijiji
kama lilivyokuwa kwenye kibao cha reli, kwa Kijerumani,
nikampelekea ahakiki.
Alisoma amesimama. Alikaa. Alisoma tena.
Kisha akachomoa kalamu, akalikata jina langu,
akaandika Brězyna kwa Kisorbi,
akaweka kile kikofia juu ya e
taratibu, kama mtu anayefunika chungu,
akatoka bila kufunga mlango.

Mtambo wa uchapaji umeikataa herufi hiyo.
Mkurugenzi amesema e ya kawaida inatosha,
nani atajua.

Ni saa mbili usiku. Tilo ameniachia taa ya ukumbini.
Nakala ni mia tatu, kalamu yangu ina wino mweusi,
nami naweka vikofia,
kimoja kimoja.