Jiwe la Baba

Kwetu Mbale, Maragoli, hakuna uwanja bapa;
yai likidondoka jikoni hulifuata kwa jirani.
Baba, dereva wa lori la majani chai,
alikuwa akivuta breki ya mkono hadi ilie kre-kre-kre,
kisha anashuka na jiwe.

Gari langu halina mkono wa kuvuta.
Lina kitufe, upana wa kucha ya gumba.
Nakanyaga breki, nakiinua kwa kidole kimoja,
nangoja. Mota inakoroma nyuma
kama paka chini ya kitanda.
Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi.
Hapo ndipo naondoa mguu, polepole,
nikisikiliza uzito wote ukitulia.

"Stima ikipotea je?"
Kwetu stima hupotea; si swali la kijinga.
Namweleza: iliyofungwa hubaki imefungwa.
Betri ikifa, kufungua ndiko kunakokataa.

"Na ukisahau kufunga?"

Nanyamaza.
Nakumbuka Jumapili ile, injini ikiwaka,
mimi nje na keki mikononi,
taa sikuitazama,
na gari likaanza kurudi nyuma taratibu
kama mgeni asiyetaka kuaga,
likapita mgomba, likapita kamba ya nguo,
likasimama kwenye ua wa Mama Kavetsa
na shuka ya mtu juu ya kioo.

Baba haongezi neno.
Anainama, magoti yanalia kre-kre,
anasukuma jiwe nyuma ya tairi.

Silitoi.
Kesho nitalipakia kwenye buti,
nishuke nalo Kisumu.