Shingo ya Jawa

Machi, na theluji ya Brezno bado haijaamua:
mchana inadondoka kutoka paani, usiku inaganda tena.
Gerejini nimeipandisha Jawa ya baba juu ya kreti ya bia,
gurudumu la mbele hewani
kama mguu wa farasi anayesubiri kiatu.

Nazungusha usukani. Kushoto laini. Kulia laini.
Katikati, tk.
Hapo pananasa,
kama mtu aliyetaka kusema neno akalimeza.

Kaka yangu Vojtech alishasema kwenye simu: Uza.
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta spana ya thelathini na mbili.

Kwanza taa, kisha waya wa breki, kisha usukani wenyewe,
nikauacha uning'inie kwa nyaya zake kama paa aliyewindwa.
Kisha nati kubwa, iliyoshikwa na kutu na ukaidi.
Nikaimwagia mafuta, nikapanda ndani, nikanywa supu ya kabichi,
nikarudi, ikakubali.
Sisi wa ukoo huu hatufunguki kwa nguvu.

Uma ukashuka mikononi mwangu
na gololi zikamwagika kwenye beseni nililolitega,
tiriri, tiriri, tii.
Nikazihesabu. Za juu kumi na tisa. Za chini kumi na nane.

Nikapiga magoti na tochi, na sumaku ya jikoni.
Nikapata kifungo, korona ya zamani, jino la kitana,
buibui mfu. Gololi, hapana.
Saa nzima nilitambaa sakafuni kwa ajili ya kitu
kisichozidi punje ya pilipili manga.
Ndipo nikafungua kitabu cha pikipiki, na pembeni,
kwa penseli bapa ya seremala, mwandiko wake:
*Chini 18. Usitafute. Nazo zinataka pa kupumulia.*

Nilicheka hadi mbwa wa jirani akabweka.

Grisi ya kale ilikuwa nyeusi, ngumu kama nta ya masikio.
Nikaiosha kwa petroli, nikafuta vikombe
kwa kipande cha shati lake la kazini,
na hapo nikaviona: vishimo,
vimejipanga kama shanga, kila gololi na kitanda chake,
pale zinapotulia usukani ukiwa umenyooka.
Miaka ishirini na sita, nyumbani hadi kiwanda cha karatasi,
kiwanda cha karatasi hadi nyumbani,
barabara ileile kando ya mto Hron.
Baba hakuandika shajara.
Nilipitisha kidole ndani ya kikombe, taratibu, mara mbili.

Kisha nikaking'oa kwa nyundo na nondo,
kwa sababu pikipiki si kaburi.

Vikombe vipya vililala usiku kucha kwenye jokofu
kati ya squashi za plamu na samaki wa Krismasi,
vinywee kidogo, viingie bila ugomvi.
Viliingia. Grisi mpya, ya njano kama siagi,
niliipaka kwa kidole gumba, nikapanda gololi moja moja,
kumi na tisa, na chini kumi na nane,
na ule upenyo mmoja nikauacha kama nilivyoagizwa.

Kukaza ndiyo kazi yenyewe. Ukizidisha, shingo inakakamaa.
Ukilegeza, utaisikia ikigonga ukikanyaga breki.
Nilikaza, nikarudisha nyuma robo ya robo,
nikagusa mpini kwa kidole:
uma ukaanguka wenyewe upande wa kushoto,
pole pole, bila kusema kitu.

Bila kusema kitu. Nikaurudisha katikati, nikasikiliza.
Nikaurudisha tena.

Jumatatu, posta, dirisha namba mbili,
bibi mmoja alileta kifurushi cha soksi kwa mjukuu wake.
Nikabandika stempu, nikaikandamiza,
na kidole changu kikaacha alama nyeusi pembeni.
Aliitazama. Akanitazama kucha.
"Beringi?" akauliza.
"Za shingo," nikasema.
Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa pole,
akalipa, akaondoka.