Samaki wa Leo

Daktari hakunipa karatasi ndefu.
Aligeuza bahasha ya vidonge, akachora mstari katikati:
huku kula, huku usiguse.
Upande wa usiguse ulijaa hadi kalamu ikapanda pembeni,
na juu kabisa, kwa herufi kubwa: KAYABO.

Nikacheka. Kicheko cha kwanza tangu masika.
Muuguzi Nyamizi akanitazama
kama mtu aliyeona bomba kavu likidondosha tone.
Unacheka nini, mama?
Nauza kayabo Mwaloni, nikamwambia. Mwaka wa kumi na saba huu.
Ada za shule, mabati ya nyumba ya Igoma, jeneza la Masanja,
vyote vilitoka kwa sangara aliyepasuliwa,
akalazwa chumvini, akaanikwa.

Miezi saba nilikuwa nimelala nahesabu misumari ya dari.
Dawa ya kwanza ilinipa usingizi, ya pili kutapika.
Hii ya tatu imenifungulia dirisha, kidogo, kwa kiwiko.
Ila ina wivu, alisema daktari.
Haitaki kukaa tumbo moja na kitu kilicholazwa siku nyingi:
kayabo, samaki wa moshi, nyama kavu,
rubisi ya wageni wa Bukoba.
Vikikutana, presha inapanda kama Mto Mirongo siku ya mvua,
na Mirongo hauchagui nyumba.

Nilitii. Wiki tisa.
Halafu tukaenda kuondoa matanga ya wifi yangu, Ilemela.
Sinia likafika. Nani anakataa sinia mbele ya wakwe?
Kipande kimoja, nikasema.
Na rubisi nusu kikombe, ya heshima.

Kilianza kisogo.
Mtu alikuwa anapasua kuni mle ndani, bila haraka, anaijua kazi yake.
Moyo ukagonga hadi kitenge kikatikisika.
Shangazi mmoja akasema kijicho. Mwingine akaenda kutafuta limau.
Mbuke, mwanangu, kidato cha pili, hakusema kitu.
Alichomoa bahasha mkobani mwangu,
akanipakia bodaboda, akanikumbatia kwa nyuma,
tukapanda kilima cha Bugando
nikimtapikia mgongoni kijana wa watu.
Muuguzi alisoma kipimo mara mbili,
mara ya pili hakukisoma kwa sauti.

Bado nauza kayabo.
Zamani nilionja mbele ya mteja,
Mkongo hanunui asichokiona kinywani mwa muuzaji.
Sasa Jumamosi anaonja Mbuke,
siku nyingine nanusa tu, nabonyeza kwa dole gumba.
Mteja wa Goma akaniuliza: mama, huli bidhaa yako, ina nini?
Haina kitu, nikamwambia. Mwenye kitu ni mimi.
Akachukua magunia mawili.

Alfajiri nashuka majini kabla ya wenye ndoo.
Sato mmoja, macho maangavu, bado anabishana na mkono wangu.
Awe chunguni kabla ya saa nne.
Akibaki, ni wa paka.

Chumvi naijua kazi yake. Inamzuia samaki asioze,
haimrudishi ziwani.
Nami nina vitu nilivilaza humo, miaka,
nikivigeuza kila asubuhi vikauke sawasawa.

Mama, chumvi iko wapi? anauliza Mbuke, mwiko mkononi.
Naangalia juu ya kabati, naangalia chini.
Sikumbuki nimeiweka wapi.