Chelezo

Aliniletea disketi saba ndani ya kopo la mafuta ya kupikia,
zimefungwa kwa kipande cha khanga kilichonata asali kavu.
"Za marehemu baba," akasema Nyamizi Luhende.
"Alikuwa karani wa chama cha wafuga nyuki, kule Ipole.
Nasikia wewe hufungua vilivyofungwa."

Nilicheka. Isevya nzima hunijua kwa kufungua simu,
si kufungua miaka.

Kompyuta yangu ni mpya, nyembamba kama chapati ya mgahawani,
haina hata mdomo wa kumezea disketi.
Nikaagiza kisomeo Dar. Kikaja kwa basi,
kimeviringishwa ndani ya soksi moja ya mtoto.

Disketi ya kwanza ilikoroma, ikanyamaza.
Ya pili hivyo hivyo.
Ya tatu ilikuwa na ukungu; nikaifuta kwa spiriti na pamba
kama anayemwosha kidonda mtoto wa mwenziwe.
Ya nne
ikakubali.

HESABU97. Nikabofya.
Kompyuta ikauliza: nifungue kwa programu gani?
Kana kwamba mimi ndiye niliyeiua.
Nikalazimisha.
Skrini ikajaa visanduku, alama za kuuliza,
herufi zenye mikia, zenye nukta mbili kichwani.

"Lugha gani hiyo?" akauliza Nyamizi.
Nikamwambia: Kiswahili cha baba yako.
Mashine imesahau namna ya kukisoma.

Wataalamu wameipa nakala ya akiba jina: chelezo.
Neno la watu wa majini,
boya linaloelea kusema nanga imelala hapa.
Sisi wa Tabora, bahari yetu ni miyombo na vumbi,
lakini nilielewa usiku ule.
Kitu kilikuwa kinaelea. Kamba ndiyo iliyooza.

Siku tatu nilipekua takataka ile.
Nikashusha programu ya zamani iliyokwisha kufiwa na waliyoitunga,
nikaidanganya kompyuta kwamba huu ni mwaka tisini na saba,
mvua zinanyesha hazikomi, mizinga inaoza mitini.
Ikaamini.

Na Nyamizi, kila jioni kwenye kigoda changu,
akanieleza alichokuwa hajaniambia.
Kwamba chama kilikufa, na watu walisema baba kala.
Kwamba bombani walimwita mtoto wa kijiko,
kwa kuwa kijiko ndicho kionjacho kabla ya wenyewe.
Alitaka karatasi moja tu. Aibandike mlangoni.

Usiku wa tatu safu zikajipanga.
Majina. Kilo. Tarehe.
Tukajumlisha wote wawili, yeye kwa vidole, mimi kwa mashine.
Hesabu haikutimia. Kilo mia na ishirini hazikuwapo
zilikoandikwa kuwapo.

Hakusema kitu. Treni ya Mpanda ilipiga honi mbali.

Nikashuka chini kabisa ya faili,
baada ya jumla, baada ya nafasi tupu ndefu
ambapo mtu hudhani hakuna tena kinachofuata:

*Kasubi hakuleta. Nimeandika kaleta. Mkewe kajifungua pacha.*
*Mwana Tausi hakuleta. Nimeandika kaleta. Nyumba imeanguka.*
*Nkumbi hakuleta. Nimeandika.*

Majina kumi na moja.
La mwisho halikuwa na sababu.

Nyamizi alisoma, akarudia, mdomo ukitembea bila sauti.
Kisha akacheka kidogo, cheko lenye hasira ndani yake.
"Kumbe alikula kweli," akasema,
"ila kwa midomo ya watu."

Nikauliza: nichapishe, ubandike?
Kasubi bado yu hai. Pacha wake mmoja ndiye mwenyekiti.
Akatikisa kichwa.
Akaomba kalamu, akanakili yote kumi na moja
nyuma ya daftari la mwanawe la sayansi.
"Hili," akasema, "halitaniuliza nifungue kwa nini."

Alilipa. Kopo aliniachia.
Natia humo skrubu za simu.
Juzi nyuki mmoja aliingia, akazunguka ukingoni,
akatoka.