Mshale Bado Unacheza

Moyo wa Wamimbi ulisimama Jumatatu
katika ghala la ushirika, Budadiri,
gunia la kahawa likiwa bado kwenye ndoano.
Dakika saba, wanasema. Wengine: kumi na moja.
Nani huangalia saa mtu akianguka?

Mimi wa maabara sikumjua uso.
Nilimjua kwa mililita tano
na jina juu ya plasta,
mwandiko wa muuguzi Asekenye, herufi zimelalia kushoto.

Daktari Okiror alitaka namba.
Ubongo ukiumia, kuna kimeng'enya kinachovuja damuni
kama moshi chini ya mlango uliofungwa:
moto huuoni, ila unajua.
Hapa Mbale kitendanishi hatuna.
Damu ikapanda basi la alfajiri,
boksi la barafu chini ya kiti,
matuta ya Iganga, mashimo,
konda akilisogeza kwa kiatu.

Jibu likarudi kwa simu: tisini na nne.
Mpaka ni sitini.
Khainza, mkewe, akauliza,
"Tisini na nne ya nini? Kilo?"
Hakuna aliyecheka.
Miaka ishirini mumewe amepima jasho la wenzake,
na alimpiga kofi la mkono karani yeyote
aliyeandika kabla mshale haujatulia.

Daktari alikwisha fungua kalamu.

Nikapiga Kampala: seramu ilikuwa rangi gani?
Kimya. Kurasa zikafunuliwa.
"Waridi. Kama maji yaliyooshewa nyama."

Basi. Chembe nyekundu zilipasuka njiani,
nazo zimebeba kimeng'enya kilekile.
Huenda tisini na nne ni ya Wamimbi.
Huenda ni ya barabara.

Nikapanda wodini mwenyewe.
Ana kovu kidevuni, na kucha zenye vumbi la maganda
ambalo hakuna aliyethubutu kulisugua.
Nikachota polepole. Nikazungusha papo hapo,
nikatenga seramu: njano, safi,
kama chai ya mchaichai.

Sikumwambia Khainza kwamba ataamka.
Namba inaweza kurudi mia.
Nilimwambia tu gunia bado linaning'inia,
akaitikia kwa kichwa, kama mtu wa kazi hiyo.

Sasa tumepita Tirinyi. Nimeipakata,
viganja viwili, kila tuta nanyanyua magoti.
Konda anadai nauli ya mzigo.
Namwambia, si mzigo.
"Ni nini, basi?"